Mpira wa Kupotea

Ukiwaambia watoto wa mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, kwamba unakwenda kununua mpira, watakusubiri langoni. Ukirudi na kisanduku chenye vitu vitatu vinavyotoshana na ndimu, yaani mipira ya gofu, kila mmoja hushika njia yake.

Balaa kamili huja mama watoto anapoiona risiti. Huku Trans Nzoia bei ya kitu haikai katika shilingi kwa muda mrefu. Hugeuzwa mahindi papo hapo. "Kwa hivyo umenunua gorogoro kadhaa," akasema, "ili ukazitupe vichakani?" Swali hilo bado liko mezani.

Handikapu yangu naitaja kwa sauti ya chini. Tangu 2020 mfumo wa dunia umeweka kikomo cha 54, nami ni jirani mwema wa kikomo hicho. Hata hivyo wauzaji hunisifia Titleist Pro V1, mpira ulioingia sokoni mwaka 2000 ukawateka magwiji. Una ganda laini la urethani, huzunguka upesi na kutulia karibu na shimo unapoamriwa. Tatizo ni kwamba hutii amri zote, hata za kipumbavu. Nikikata pigo, unapinda kulia kwa moyo wake wote. Ule mgumu wa tabaka mbili, wenye ganda la Surlyn, huzunguka kidogo, hupinda kidogo, wala hauchubuki upesi ukigonga mti. Na pale Kitale Club, miti haina haja ya kutafutwa.

Kisha kuna mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko kule Nyali, Mombasa. Wapigaji hodari hulishukuru jambo hilo. Kwangu mimi maana yake ni kwamba mpira ambao ningeupoteza karibu huko Pwani, hapa naupoteza mbali.

Rangi nayo ina mambo yake. Mweupe hujificha kati ya uyoga mvua za Aprili zikishika. Wa manjano huyeyuka kwenye majani makavu ya kiangazi. Nikajichukulia wa waridi. Kedi wangu aliugeuza mkononi, akaupangusa kwa shati, akaugeuza tena.

"Mzee, huu ni wako kweli?"

"Ni wangu."

"Basi sawa. Huu hata ukipotea, hakuna wa kuuiba."

Pigo la kwanza likaupeleka vichakani. Tangu 2019 kanuni zimepunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika 5 hadi 3. Yaelekea waliozitunga hawajawahi kusimama kwenye nyasi za Mei zilizofika magotini. Kedi alifukua kwa fimbo yangu ya bei, mimi kwa kiatu. Tukapata mmoja wenye herufi mbili za kalamu ya buluu, mwingine uliopasuliwa na mashine ya nyasi hadi utumbo ukaonekana, na wa tatu ulioota ukungu wa kijani. Wa waridi hatukuuona, na kedi hakuonyesha dalili ya kuomboleza.

Kanuni zinataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Wa bei ghali na ule unaouzwa baada ya kuokotwa, yote inapita kwenye mizani hiyo. Kwa hivyo, ndugu yangu mwenye handikapu ya kunong'ona: nunua mgumu, nunua uliotumika, na uangalie tu kwamba vishimo vyake havijalika, kwa kuwa ndivyo vinavyoushika hewani, bila vishimo hivyo ungekwenda nusu ya safari. Fedha utakayookoa mlipe mwalimu akunyooshe pigo. Mpira hauna kosa.