Kinu Kilichotaka Kwenda Mtoni

Watoto wa mtaa wetu hapa Ankoro wamepata mchezo mpya. Mmoja anakunja ngumi, anatikisa mabega na kurukaruka kwa miguu yote miwili huku akinguruma. Mwingine anashika suruali yake na kukimbia mbele yake akipiga mayowe. Huyo wa kwanza ni injini ya mashine ya kusaga ya shemeji yangu. Wa pili ni mimi.

Alhamisi iliyopita, siku ya kuizindua mashine, akina mama walikuwa wamejipanga na mabeseni yao ya mihogo mikavu, makanika akawasha, moshi ukatoka, vigelegele vikapigwa. Kisha injini ikajing'oa sakafuni. Sisemi ilitikisika. Ilijing'oa, ikautema mkanda, ikashika njia ya mlangoni, upande wa mtoni, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, katika suruali nyeupe, nikipokea pongezi. "Papa, kimbia! Mashini iko inakuja!" alipiga kelele mama mmoja. Nilikimbia. Makanika aliikatia mafuta ikiwa imefika kizingitini, lakini hilo hakuna aliyelitazama, kwa kuwa wote walikuwa wakinitazama mimi nikiwa ng'ambo ya barabara. Nilisikia vicheko ambavyo sijavisikia tangu uchaguzi.

Shemeji hakucheka. Aliokota bolti moja, akanipa mkononi mbele ya watu, akasema kwa adabu zote: "Shemeji, hii si ndiyo ile uliyosema imetoka Ulaya?"

Ndiyo hiyo. Mimi ndiye niliyetumwa Kalemie kuinunua.

Tangu siku hiyo silali, nafikiria bolti, na nimegundua kwamba wengi wetu tunadhani bolti ni msumari uliopata nati. La hasha. Bolti hushika kwa kuvutwa. Ukikaza nati unairefusha kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, nayo inataka kurudi kwenye urefu wake wa zamani. Huko kutaka kurudi ndiko kunakokibana kitako cha injini sakafuni. Siku bolti ikishakata tamaa ya kurudi, hata kama bado imesimama wima na nati yake kichwani, haishiki kitu.

Sasa tazama inavyosumbuliwa. Injini hizi za Kichina za silinda moja, za aina ya ile yetu, huzunguka mara 2,200 kwa dakika. Huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni milipuko 1,100 kwa dakika, 66,000 kwa saa. Na silinda yake imelala, haikusimama. Kila teke linakwenda mbele na nyuma, sambamba na sakafu. Hapo ndipo penye siri. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio kwamba kinachoifungua nati hasa ni mtikisiko wa kando. Bolti ikivutwa juu na chini huvumilia sana. Ikisukumwa kushoto na kulia, nyuzi zake huanza kuteleza juu ya nyuzi za nati, kidogo kidogo, na nati inazunguka yenyewe kurudi ilikotoka, bila spana na bila mtu. Zile rondeli za springi tunazozitia chini ya nati kwa imani kubwa hazikumfurahisha Junker sana. Dawa ni kuikaza bolti mpaka kitako kisiweze kuteleza hata kidogo, na ili uikaze hivyo, lazima chuma chake kiwe na nguvu ya kuvumilia mvuto huo.

Ndiyo maana kuna namba kichwani. Yangu ilisema 8.8. Nane ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, ni nguvu ya kuikata bolti kwa kila milimita mraba, yaani nyutoni 800. Nane ya pili inasema kwamba chuma huanza kunyooka moja kwa moja, bila kurudi tena, kikifikia asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti ya milimita 12 ya daraja hilo haikatiki mpaka ivutwe kwa karibu tani 7. Nilinunua nne. Injini haifiki kilo 200. Mwuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, aliniambia, "Patron, hii inakamata hata meli."

Basi ile aliyonipa shemeji ilikuwa imerefuka na shingo yake imekonda. Chuma kizuri cha daraja hilo hakikondi kwa mikono ya fundi mmoja na spana ya kawaida. Hicho kilikuwa chuma laini, cha daraja la 4.6 au chini yake, kilichopigwa muhuri wa 8.8 na mtu aliyejua kabisa anachofanya. Fundi alipokikaza kilinyooka kama kilivyozaliwa kunyooka, na kikakata tamaa ya kurudi kabla injini haijawashwa.

Ningejifariji kwamba ni mambo ya Ankoro, lakini aibu kama hii ilipita katika maji haya haya zamani. Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilitaka kupeleka motaboti mbili, zilizoitwa Mimi na Toutou, zikapigane na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Zilijaribiwa kwanza mtoni Thames, London, mwezi wa Juni. Mzinga wa Mimi ukafyatuliwa, ukalipiga shabaha sawasawa, kisha mzinga na mpigaji wake wakaruka pamoja majini, kwa sababu haukufungwa vizuri kwenye sitaha. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Serikali iliyokuwa ikitawala robo ya dunia, karakana zake, wahandisi wake, chuma cha kwao wenyewe, na bolti ikawashinda. Mimi nilikuwa na fundi mmoja na tochi ya simu.

Motaboti hizo zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikafika Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo. Ina maana zilipita hapa, mbele ya Ankoro, panapokutana Luvua na Lualaba. Kutoka Kabalo zilipanda treni hadi Kalemie, na tarehe 26 Desemba Waingereza waliikamata meli ya Wajerumani iitwayo Kingani wakaigeuza jina, Fifi. Walipoipa Fifi mzinga mkubwa zaidi, ulikuwa ukifyatuliwa, teke lake linaisimamisha meli nzima. Safari hiyo mzinga ulibaki mahali pake. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipata nishani. Mpigaji aliyeoga Thames, nadhani alipata mchezo wa watoto wa mtaani.

Turudi sakafuni, kwa sababu bolti haikuwa peke yake katika dhambi. Zangu zilikuwa za kutanuka: unatoboa zege, unatumbukiza, unakaza, na ala yake inafura na kubana ukuta wa tundu. Jamaa yake, plagi ya ukutani, ni wazo la Mwingereza John Rawlings, mwaka 1911, na za kwake zilitengenezwa kwa nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi na damu ya wanyama. Ni werevu mtupu, ila werevu huo unategemea zege. Bolti ya kutanuka ikishindwa, hung'oka na pia ya zege, nyembamba chini na pana juu, na ukubwa wa pia hiyo hufuata kina cha tundu. Ukizamisha mara mbili zaidi, nguvu inakaribia kuongezeka mara tatu. Sakafu yetu ilikuwa ganda la simenti juu ya mchanga. Mbili zilitoka kama meno ya mtoto.

Sasa tumechimba upya. Fundi mzee amekunja vyuma vinene kwa umbo la fimbo ya mchungaji, vikazamishwa katika zege refu, vikafungwa kwa nati mbili mbili. Zege linataka siku 28 kukomaa. Shemeji ananisalimia kwa kichwa.

Mikasa mingine ya vyuma vidogo sitaieleza sana. Kuna pini ya usalama ya kikamulio cha mawese, iliyoundwa ikatike ili mashine ipone. Jirani aliibadilisha kwa kipande cha nondo ili isikatike, ikakatika shafti. Kuna gupia, ile pini ya kuzuia gurudumu lisichomoke, ya toroli iliyopotea ikaponza mayai. Basi.

Kinachoniuma ni safari. Nilitoka Kalemie na bolti nne mfukoni, nikasubiri treni ya Kabalo mpaka nikafahamiana na mbuzi wa stesheni, kisha baliniere, zile boti ndefu za abiria na mizigo, kupandisha mto, na kila tulipotia nanga palikuwa na mtu mwenye daftari la stakabadhi. Walipima mizigo, walihesabu mabeseni, walilipisha kuku. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama chuma kilichoandikwa 8.8 ni 8.8. Mkoa huu umetoa bati la Manono tangu enzi za Wabelgiji, sasa dunia nzima inaitaka lithiamu ya hapo hapo, na sisi wenyewe tunauziwa bolti ya uongo kwa bei ya kweli. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni angekuwa karibu na injini hatua moja zaidi, hakuna mtoto ambaye angecheza mchezo huu.

Kwa hiyo ukienda kununua, geuza kichwa cha bolti. Halisi hubeba alama mbili: namba ya daraja, na nembo ya aliyeitengeneza. Zangu zilikuwa na namba peke yake, haina baba. Na ninyi mnaotuuzia: kama chuma ni laini, andikeni laini. Tutakinunua tu, ila tutachukua kinene zaidi.