Anakunyima Huku Anakusomea

Nina ugomvi na mtumishi mmoja wa ofisini kwetu. Hali wala halali, haombi likizo, na picha yake iko juu kushoto ya kila ukurasa: mzee wa Kizungu mwenye tai ya kipepeo na kitambaa mkononi, yuko tayari kukuandalia chai. Anaitwa Jenkins. Kazi yake ni kuchukua msimbo walioandika vijana wetu, kuujenga uwe programu, kuujaribu, kisha kuupeleka kwenye seva za wateja. Zamani mtu alikesha akiyafanya hayo kwa mkono.

Bosi anampenda kwa vijipicha vya hali ya hewa. Mradi ukijengeka vizuri mfululizo, Jenkins anachora jua. Ukianza kuyumba, mawingu. Ukiharibika kabisa, radi. Kilichomo ndani ya mradi bosi hakijui, ila jua analijua, na akaagiza kila mtu ofisini alione bila usumbufu wa kujitambulisha. Hata watu wa masoko, ambao mpaka leo wanadhani ni utabiri wa mvua.

Sasa, mtumishi huyu hafanyi kazi bila funguo, na si funguo mbili tatu. Nywila za hifadhidata, tokeni za kuingilia ghala la msimbo, funguo za seva za wateja, zote ziko kwake. Ndiyo, amezifunga kwa usimbaji. Lakini ufunguo wa kuzifungulia ameuhifadhi kwenye folda zake hizohizo, katika faili linaloitwa master.key, jina ambalo hata mwizi mgeni wa mjini halimsumbui.

Tarehe 24 Januari 2024 wasimamizi wa Jenkins wakatangaza kwamba bwana huyu ana tabia. Aliyeigundua ni Yaniv Nizry, mtafiti wa kampuni ya Sonar. Jenkins anaweza kuamrishwa kwa maandishi kutoka mbali. Ukimwandikia amri, ukaongeza alama ya @ na mahali faili lilipo, anakwenda kulifungua faili hilo ndani ya seva yake mwenyewe na kuyachukua yaliyomo kuwa ndiyo maneno uliyoandika.

Hapo ndipo presha inaponipanda. Kuna amri ya who-am-i, ya kumuuliza mimi ni nani. Iandike, ongeza @/etc/passwd. Jenkins anakuja juu: kosa! Amri hii haipokei nyongeza, na nyongeza uliyoleta ni hii hapa, root:x:0:0:root:/root:/bin/bash. Anakunyima huku anakusomea! Amri ya connect-node ndiyo balaa zaidi. Kila mstari wa faili anaudhania jina la mashine, anakujibu kwa adabu kwamba hakuna mashine inayoitwa hivyo, na jina analitaja lote. Anashuka mstari kwa mstari mpaka faili linakwisha.

Asiye na ruhusa yoyote anaambulia mistari michache ya mwanzo. Mwenye ruhusa ya kutazama tu, ileile bosi aliyoigawa kwa ajili ya jua, anasomewa faili zima.

Tabia yenyewe ni ya kurithi. Imetoka kwenye args4j, maktaba ndogo ya kupokelea amri, na aliyeiandika ni Kohsuke Kawaguchi, huyohuyo aliyemwanzisha Jenkins alipokuwa Sun Microsystems, enzi hizo akiitwa Hudson, kabla ya mzozo na Oracle kumbadilisha jina mwaka 2011. Nia ilikuwa njema: mwenye amri ndefu aziweke kwenye faili, vidole vipumzike. Ukiwa mbele ya mashine yako mwenyewe, huo ni msaada mzuri. Huku kwetu amri inatoka kwa mtu usiyemjua na faili linalosomwa ni letu. Kawaguchi simlaumu sana. Nalaumu mazoea ya mafundi kuacha kila kitu kimewashwa, eti huenda kuna atakayekihitaji. Huyo mhitaji kwa kawaida ni mdukuzi.

Kiraka kilitoka siku hiyohiyo, katika toleo 2.442, na 2.426.3 kwa wanaotumia matoleo ya muda mrefu. Asiyeweza kusasisha aliambiwa azime njia ya amri. Lakini Agosti 2024 wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, CISA, ukauingiza mwanya huo kwenye orodha ya ile inayotumiwa na wavamizi kweli. Januari mpaka Agosti! Watu walikuwa wanasubiri nini? Nawajua, nimekaa nao vikaoni. Wanasubiri fomu ya mabadiliko isainiwe na mkuu aliyeko semina Dodoma. Wanasubiri wikiendi isiyo na harusi. Wanasubiri kuhakikishiwa kwamba plagini fulani, ambayo mwenyewe aliyeiandika alishaisahau, haitakufa.

Kwetu nilieleza yote na nikaonyesha kwenye skrini, mstari kwa mstari. Watu kimya. Bosi akakohoa.

"Ukiweka hicho kiraka, lile jua litabaki?"

"Litabaki, mzee."

"Basi weka. Na sisi wengine huku tujiimarishe vipi?"

Kabla sijafungua mdomo, meneja utumishi alikuwa ameshaandika waraka. Kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi abadili nywila, isipungue herufi 16, na lazima iwe na alama maalumu. Mfano uliotolewa kwenye waraka ni @.