Sifa za Seva ya Majina ya Kilindoni

Wanaotaka kusifu vitu vya Mafia hukimbilia papa potwe, matumbawe ya Utende au magofu ya Kua kule Juani. Hivyo vyote vina wasemaji wake, na wageni hulipa dola kuviona. Mimi namsemea asiye na msemaji: kompyuta kuukuu ya mezani iliyowekwa chumba cha nyuma, mjini Kilindoni, ikageuzwa kuwa seva ya majina. Haionyeshi filamu, haichapi barua, haina hata kioo. Ukiiuliza jina inakutajia namba. Na kama jina halipo, inajibu NXDOMAIN, yaani halipo, kisha inanyamaza. Watu wazima wangapi wanaweza hilo la pili?

Msomaji atasema kazi hiyo inafanywa bure na makampuni makubwa ya ng'ambo. Kweli. Andika 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya simu yako na shughuli imekwisha kabla chai haijapoa. Hapo ndipo ubora wa seva ya nyumbani unapojitokeza, kwa sababu yenyewe haimalizi shughuli ya mtu. Inampa kazi ya kudumu, na kisiwani, kusi likivuma na vyombo vimetia nanga, kazi ya kudumu si ya kudharau.

Tena inampa cheo. Zamani majina yote ya mtandao yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kikundi cha Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI, Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unawaomba wao. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kuligawa lile daftari: kila mwenye eneo atunze majina ya eneo lake. Wanafunzi wa Berkeley nao wakaandika BIND, programu ambayo hadi leo hupakiwa kwenye mashine za namna hii. Ndivyo mamlaka yalivyoshuka ngazi kwa ngazi, toka mzizi hadi tz, toka tz hadi co.tz, mpaka yakatua Kilindoni chumba cha nyuma. Mkuu wa wilaya husubiri uteuzi wa Rais. Mwenye seva wetu amejiteua mwenyewe kwa rekodi moja ya SOA, inayoutangazia ulimwengu kwamba habari za eneo hili zinaanzia hapa.

Na hakuna mwalimu wa insha anayeifikia kwa ukali. Kwenye faili la zoni, yaani daftari la majina ya eneo lako, jina kamili lazima liishie na nukta. Andika www.mfano.co.tz ukaiacha nukta ya mwisho, na BIND itadhani umefupisha, ikumalizie: www.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Haikukaripii. Inaupokea upuuzi huo na kuutangaza kwa utulivu kabisa. Ukishasahihisha, sharti upandishe namba ya toleo iliyo juu ya faili, la sivyo seva ya pili, ile inayoshika nakala, itaamini hakuna kilichobadilika. Na hata ukiyafanya yote sawasawa, waliouliza jana wameshaweka akiba jibu la zamani, na watalishikilia mpaka muda wake uishe, pengine saa 24. Kwa mtu aliyezoea kungoja maji yajae ndipo boti itoke Nyamisati, hiyo si adhabu.

Hiyo seva ya pili ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Kanuni zinataka kila kikoa kiwe na seva za majina zisizopungua mbili, na waraka RFC 2182 wa mwaka 1997 unasisitiza zisikae mahali pamoja wala zisitegemee umeme mmoja. Kwa mtu wa Kilindoni maana yake ni mpwa aliyeko Dar es Salaam.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hamjambo huko? Ile kompyuta inawaka?"

"Inawaka mjomba. Ila mama aliichomoa kidogo apige pasi."

Nitajieni mashine nyingine inayomlazimisha mtu kumjulia hali dada yake. Undugu uliokuwa ukingoja Idi na misiba sasa unahuishwa kila umeme ukikatika, na kwa umeme wetu wa dizeli, undugu haujapata kushamiri kiasi hiki.

Wapo wanaodai kwamba haiulizwi na mtu. Mwanzoni wana haki, maana makampuni ya simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na swali linalotoka nje halijui liingilie wapi. Lakini lipia anwani ya kudumu, kisha soma kumbukumbu za seva saa nane za usiku. Wageni wamejaa! Wanabisha mlango namba 53 kutoka mabara ambayo hatujayakanyaga, wakiulizia rekodi ndefu za vikoa visivyotuhusu, tena kwa anwani ya kughushi, ili jibu zito limwangukie mtu mwingine kabisa. Seva iliyofundwa hujibu REFUSED. Ambayo haikufundwa huwakirimu wote, na kwa ukarimu wake inasaidia kuangusha mtandao wa mtu asiyejua Mafia iko bahari gani. Nguvu ya kuutikisa ulimwengu namna hiyo hata watawala wa Kua hawakuwa nayo.

Ina siku yake ya utukufu pia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini huko kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Majibu ya ng'ambo yakawa ya kubahatisha. Nyumba yenye seva yake ingeweza kuita "printa" na printa ikaitika papo hapo. Kwamba Jumapili hakuna aliyekuwa na haja ya kuchapa kitu, hilo seva isilaumiwe.

Limebaki neno la mama watoto, ambaye hesabu zake ni nzuri kuliko zangu. Wati 80, saa 24, siku 30: karibu uniti 58 za LUKU. Kikomo cha mteja mdogo wa D1 ni uniti 75 kwa mwezi. Zinabaki 17 za kugawana friji, feni, taa na pampu ya maji. Akataka kujua dude hili linatuingizia nini. Nikamwambia aliulize lenyewe, kwani halijawahi kusema uongo. Akavuta laptopu ya mtoto, akaandika amri ya kuulizia majina, dig faida. Jibu halikuchukua hata sekunde: NXDOMAIN.