Harage Moja na Silabi za Bibi

Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu alipotangaza kwamba shule zinafungwa kwa sababu ya korona, mwanangu wa kiume alikuwa na miezi miwili tu darasa la kwanza. Alirudi nyumbani na begi, madaftari mawili na wimbo. Wimbo wenyewe alitoka nao chekechea, na kwa mwaka mzima ulikuwa fahari ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga: ei, bii, sii, dii, mpaka zedi, bila kukosea, mbele ya kila aliyekuja kupimwa nguo. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani. Wateja walimpa pipi. Baba yake, dereva wa malori, alikuwa akipigiwa simu hata akiwa Tunduma ili ausikie. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza kama mtoto huyu anajua kusoma.

Nilijiuliza siku ya tatu. Nilichukua chaki ya kukatia nguo, nikaandika juu ya meza: baba. Nikamwambia asome. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasema "bii". Ya pili, "ei". Bii tena, ei tena. Nikamwambia, haya, sasa ziunganishe. Akaziunganisha kwa utiifu wote: "Biieibiiei." Nikamwuliza maana yake nini. Akafikiri kidogo, akanijibu, "Sijui mama, labda ni Kizungu."

Nilidhani hajitumi. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Kesho yake nikamkalisha kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, tukirudia neno lile lile, sauti yangu ikipanda na yake ikishuka. Karibu na saa sita akaanza kulia bila sauti, na wakati ninamfuta machozi nikasikia harufu. Pasi ya mkaa nilikuwa nimeiacha juu ya kitenge cha mteja. Tundu lilikuwa na umbo la pasi kamili, katikati ya mgongo wa gauni la harusi ya mdogo wake. Nililipa kitambaa kizima, wiki ile hatukununua samaki.

Basi nikabadili njia. Nilikata karatasi, nikaandika majina ya vitu vyote vya ndani: mlango, kiti, ndoo, kabati, nikayabandika kwa uji wa unga wa ngano, maana gundi ilikuwa imeisha. Usiku mende wakala uji ule pamoja na karatasi zake. Asubuhi mlangoni palibaki "ml". Ndipo nikaja na wazo la maharage. Nikamwaga kilo nzima mkekani, nikawaambia wanangu wapange herufi kwa punje: huyo wa darasa la kwanza na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Walifurahi sana. Walipanga a, wakapanga o, na mimi nikapata saa mbili za kushona kwa utulivu.

Siku ya pili yake binti akaanza kutoa makamasi tundu moja tu la pua, la kulia. La kushoto kavu. Siku ya tatu makamasi yale yakawa na harufu mbaya, na nilipomulika kwa tochi ya simu nikaona kitu chekundu kimejaa tundu zima. Nilikuwa tayari nimeshika kibano cha kuchomolea nyuzi. Namshukuru jirani aliyenishika mkono. Tukakimbilia zahanati, tukanawa kwenye ndoo ya koki pale mlangoni, barakoa usoni, watu wamekaa mbalimbali na kila mmoja akiogopa pumzi ya mwenzake.

Nesi akaniambia mambo mawili ambayo nawaeleza wazazi wote ninaowashonea. Usichokonoe, kwa sababu utalisukuma ndani zaidi. Usitie maji, kwa sababu harage likilowa huvimba, na lile lilikuwa limeshavimba kwa unyevu wa pua peke yake. Kisha akanielekeza nimlaze binti, nizibe kwa kidole tundu lililo zima, niweke mdomo wangu juu ya mdomo wake, nipulize mara moja kwa nguvu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili harage likatoka na kunigonga shavuni. Nesi akauliza, "Nyumbani huwa mnachezea nini?" Binti akamjibu, "Tunasoma."

Nililia njia nzima.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Pangani mwishoni mwa Aprili ili afunge nasi Ramadhani. Hakuwahi kukanyaga shule ya serikali. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na mpaka leo barua huandika kwa herufi za Kiarabu. Siku mbili alinitazama bila kusema neno. Ya tatu, alasiri, akaniambia, "Mwanangu, unampa mtoto majina ya herufi. Jina halisomeki. Kinachosomeka ni sauti." Akanieleza kwamba kule chuoni kila herufi ilipewa irabu yake, ikatamkwa kwa pumzi moja, na mtoto akairudia mpaka ulimi ukazoea. Alifu kwa a, alifu kwa i, alifu kwa u. Kisha be. Kisha te.

Nilimwelewa upesi kwa sababu ya kazi yangu. Mkono wa gauni peke yake hauvaliki, unavalika ukishonwa kwenye bega. Herufi b peke yake mtoto hawezi kuitamka ikasikika vizuri. Ipe irabu, inakuwa ba, be, bi, bo, bu. Na lugha yetu ni nyepesi kwa hilo kuliko lugha nyingi. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika popote ilipo. Karibu kila silabi inaishia na irabu. Mtoto akishika safu tatu za silabi tayari ana mama, baba, kaka, bibi, kuku na mimi. Wimbo wa ei bii sii una kyuu na eksi, ambazo Kiswahili hakizitumii kabisa, na una sii, ambayo kwetu haitembei bila h pembeni yake. Mwanangu alikuwa amepewa funguo za nyumba ya jirani, nasi tunamkasirikia mlango usipofunguka.

Karatasi hazikuwepo. Bibi akachukua mkaa, akaenda kwenye ukuta mweupe wa uani, nyumba yenyewe ya kupanga, akaniamuru niandike safu. Dakika kumi na tano tu kila siku, kabla ya kuanza kupika futari, na mtoto akichoka kabla ya hapo anaachiwa. Bibi hakuzijua herufi zile, lakini alizijua sauti, akapiga makofi kwa kila silabi. Siku ya tano mwanangu akasoma "bibi" mbele ya bibi yake, na yule mama, ambaye sijamwona akilia hata msibani, akaingia ndani akajifungia.

Mambo yalikwama tena kwenye mbu. Mtoto aliweza mbuzi: mbu-zi, makofi mawili. Nikaandika mbu, akasoma kwa kofi moja, kama kipande cha mbuzi, na hakumtambua mdudu. Tulibishana jioni mbili, mpaka bibi akamwambia aseme tu, asisome: nani anakuuma usiku? "M-bu." Makofi mawili. Ile m inasimama peke yake, kama katika mtu na mto. Tangu hapo kila neno gumu tulilisema kwanza kwa mdomo, tukalipigia makofi, ndipo tukalitazama ukutani. Ng'ombe na kinukta chake alimweza siku moja.

Mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi akakuta ukuta mzima mweusi kutoka sakafuni mpaka kimo cha mtoto. Alikasirika, na alikuwa na haki. Tulikubaliana nipake chokaa upya kwa gharama yangu shule zikifunguliwa. Wakati tunazungumza, mwanangu alisimama mbele ya ukuta akaendelea kusoma, kwa sauti, kwa sababu saa yake ya kusoma ilikuwa imefika.

Baada ya Idi tulimsindikiza bibi stendi. Njiani kuna nyumba ya zamani yenye maandishi makubwa ya rangi nyekundu ukutani. Mtoto akasimama. Akasema nyu. Akasema mba. Akarudi nyuma, akaunganisha. Watu wawili wa baiskeli walitupita, bibi akaweka mfuko wake chini. "Nyumba... hii... ha-i-u-zwi." Akageuka akatuuliza nani alitaka kuinunua. Bibi alichelewa gari lake, akapanda lililofuata.

Shule za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Wiki hiyo nilipaka chokaa, nikaacha kipande nyuma ya pipa la maji kwa idhini ya mwenye nyumba, na binti yangu naye akafika kwenye safu ya ma. Maharage nayaweka juu ya kabati. Kama nawe una mtoto anayeimba herufi vizuri mbele ya wageni, mwandikie leo neno moja fupi la Kiswahili, kisha nyamaza umsikilize anavyoanza.