Mgeni Kutoka Dubai

Nyumba yetu iko Kisauni, na kwa muda mrefu neno kubwa ndani yake lilikuwa tangi la maji. Maji ya mfereji Mombasa hayaji kila siku, na mama mkwe, ambaye ndiye mwenye nyumba hasa, alikuwa ametia nia ya kuona tangi la lita 5,000 juu ya dari kabla ya Ramadhani. Pesa zilikusanywa kidogokidogo, nyingine za mshahara wa mume wangu, nyingine za nguo anazoshona mama mkwe mwenyewe kwa cherehani yake ya Singer. Mimi ndiye niliyekuwa nazitunza.

Kifungua mimba wangu ana miaka 17. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua 3 za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio hizo, kijana alibandika picha yake juu ya kitanda. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, tuliyatazama nyumba nzima. Kuanzia hapo nilijua litakuja ombi la baiskeli ya mbio.

Lilikuja msimu wa kaskazi. Kila Jumamosi, akishaswali alfajiri, kijana alikuwa akiungana na wenzake Bamburi kwa baiskeli yake ya zamani, wakavuka daraja la Mtwapa na kushika njia ya Kilifi. Hadi Mtwapa kuna nyumba na miti. Ukifika Vipingo kwenye mashamba ya mkonge hakuna kitu cha kukukinga. Mkonge ni mfupi, uwanja uko wazi pande zote mbili, na upepo unakuja kifuani moja kwa moja kutoka baharini. Hapo ndipo wenzake walipokuwa wakimwacha. Alirudi nyumbani macho mekundu, chumvi imemkauka mashavuni, haongei mpaka amekunywa glasi ya pili ya maji.

Shauri lilikaliwa Jumapili asubuhi, mahamri na mbaazi viko mkekani. Mume wangu alikuwa wa kwanza kusema. Kwake yeye baiskeli nzuri ni baiskeli nyepesi, basi. Kaka yangu anayefanya kazi Dubai, tuliyempigia na simu tukaiegemeza kwenye birika la chai, akapinga.

"Shemeji, wepesi ni wa milimani," alisema. "Njia ya Malindi ni tambarare. Adui wenu huko ni upepo."

Akaeleza vizuri, na sikuona pa kumkosoa. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakukaza mara nne, na miguu inatakiwa kufanya kazi mara nane. Mtu akiwa kwenye tambarare kwa kilomita 35 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake inaliwa na hewa anayoipasua. Uzito wa baiskeli unachukua kidogo sana. Ndiyo maana viwanda vikaanza kutengeneza fremu za kukata upepo: mabomba yaliyobanwa ubavuni na kukatwa wima kwa nyuma, waya zote zimefichwa ndani, ringi zenye kina kirefu. Akatutolea na kisa cha Greg LeMond, Mmarekani aliyeingia siku ya mwisho ya Tour de France ya mwaka 1989 akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris, kila mmoja akikimbia peke yake. LeMond alikuwa na usukani mpya wa kulalia viwiko. Fignon alikuwa na usukani wa kawaida na nywele zake ndefu zikipepea. LeMond akachukua ushindi kwa sekunde 8.

Mwanangu aliacha kula. Nikamwona, na nadhani bibi yake pia alimwona.

Bei ndiyo iliyotutisha. Baiskeli wanazopanda mabingwa hupita dola 10,000. Za daraja la kati, kama Merida Reacto au Giant Propel zenye gia za Shimano 105, mpya zinazunguka dola 3,000 na zaidi, bado usafiri na ushuru. Lakini kaka yangu alikuwa na njia. Dubai kuna barabara ya baiskeli ya Al Qudra jangwani, zaidi ya kilomita 80, na wageni wengi wanaofanya kazi pale hupenda mchezo huu. Mkataba ukiisha wanauza kwa haraka. Alikuwa amemwona mmoja anauza ya kaboni kwa dirhamu 4,500, na mwenyewe angechangia nusu.

Nusu yetu ilikuwa tangi. Nilinyamaza, maana neno hilo halikuwa langu. Mama mkwe aliosha mikono, akajifuta na kanga. "Maji ya ndoo nimeyachota tangu nikiwa msichana," alisema. "Mjukuu wangu asiachwe njiani kwa sababu ya tangi langu."

Mgeni aliwasili ndani ya kontena la vyombo vya mtu, kwenye boksi refu, na mtaa mzima ukaja kutazama. Ilikuwa nyeusi tititi. Bibi alifukiza udi kuizunguka, tairi ya mbele na ya nyuma, kuikinga na husuda, na mume wangu ambaye siku zote hulalamikia moshi alishika chetezo mwenyewe. Kisha ikaanza kazi ya kuiunga.

Kwenye baiskeli ya kawaida bomba la kiti ni la duara, na ukilipoteza utapata jingine Majengo kwa fundi yeyote. La huyu lilikuwa na umbo la tone, bapa kwa nyuma, limetengenezwa kwa fremu hiyo tu. Hubanwa kwa ndani na kabari ndogo ya chuma, isiyozidi ukubwa wa tende, yenye skrubu moja. Tulitafuta kabari ile kwenye boksi, tukakung'uta karatasi, tukapekua mpaka mifuko ya plastiki iliyokwisha tupwa. Ilibaki Dubai, sakafuni mwa mtu aliyekwisha panda ndege kurudi kwao.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa matatu. Alichonga kabari ya mti wa mvule, kazi safi kabisa, ikaingia sawasawa. Kiti kikasimama. Mwanangu alipokikalia kikashuka. Shemeji akakaza zaidi, kikashuka tena. Pale pale kwenye fremu palikuwa na maandishi madogo meupe, 5 Nm, yaani mkazo wa nyutoni mita 5, nguvu ambayo mtu huifikisha kwa vidole na ufunguo mdogo. Mikono ya shemeji imezoea nati za magurudumu ya basi. Alikaza mara ya tatu na tukasikia "ta!" Kaboni haipindi kama chuma ikakupa onyo, bomba la kiti lilipasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele kutoka juu hadi kwenye kabari.

Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ameacha siku nzima ya riziki kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Lakini usiku ule chakula kililala sufuriani.

Kaka alitafuta bomba jingine Dubai akakosa, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimebadilisha umbo kwenye toleo lililofuata na la zamani hawalitengenezi tena. Huku kwetu likazuka la usukani. Ulikuwa mzito kugeuka, na fundi wa Majengo, mzee ambaye wapanda baiskeli wengi wa kisiwani wamepita mikononi mwake, alipousikiliza alisema beringi za shingo zimeliwa na chumvi ya jasho. Kwenye baiskeli ya zamani hiyo ni kazi ya saa moja. Kwa huyu mgeni, mabomba ya mafuta ya breki yalipita ndani ya usukani na katikati ya beringi zenyewe. Ili kutoa beringi ilibidi kuyafungua, kisha kujaza mafuta upya. Shemeji alikuwa tayari na chupa ya mafuta ya breki za gari. Binti yangu mdogo, aliyekuwa ameshika tochi, akasoma kwa sauti maandishi ya kwenye kifuniko cha breki: mafuta ya madini peke yake. Breki za Shimano hutumia mafuta hayo, na yale ya gari yangeharibu mipira ya ndani yote. Mtoto wa miaka 11 alituokoa na hasara ya pili.

Fundi alifanya kazi ile kwa subira kubwa, akaazima bomba la kiti la jamaa mmoja wa Nyali mwenye baiskeli ya aina hiyo ili kijana walau aijaribu. Na hapo ndipo tukaliona tatizo lililokuwepo tangu mwanzo. Fremu ilikuwa saizi 58. Mwanangu ni wa 54. Hakuna aliyeuliza, si Dubai wala Kisauni. Wote tulitazama umbo, gia na bei.

Kwenye fremu kubwa usukani uko mbali. Kijana alijinyoosha mpaka mabega yakapanda masikioni, na kila baada ya dakika chache alirudi kushika usukani sehemu ya juu na kukaa wima ili kupumzisha mgongo. Ringi zilikuwa na kina cha milimita 60, na upepo wa ubavu ulipompiga karibu na lori huko Vipingo, gurudumu la mbele lilivutwa upande, akashuka akatembea. Hilo aliniambia baada ya siku kadhaa, na hata sasa nikiliandika moyo unanienda mbio.

Fundi wa Majengo alituita kwenye mteremko mmoja wa Nyali usio na magari, Jumapili mapema. Akampandisha kijana kwenye baiskeli yake ya zamani, akamwambia ateremke bila kukanyaga pedeli, amekaa wima. Mume wangu akaweka jiwe pale aliposimama. Mara ya pili ateremke mahali pale pale, mikono kwenye pembe za chini, viwiko vimekunjwa, kidevu chini. Alilipita jiwe kwa hatua nyingi, mpaka binti yangu akapiga makofi. Kisha akateremka na yule mgeni wa kaboni, amekaa wima kama alivyozoea juu yake. Hakufika hata karibu na alipoishia mara ya pili.

"Mama," fundi aliniambia, "upepo hauoni baiskeli kwanza. Unaona mtu."

Ndivyo ilivyo. Karibu robo tatu ya ukinzani wote wa hewa, au zaidi, inatokana na mwili wa mpandaji. Fremu, magurudumu na vinginevyo vinagawana kilichobaki. Hata kile kisa cha LeMond kilikuwa kinasema hivyo, tukakisikia vibaya: usukani wa kulalia viwiko ulimfaa kwa sababu ulimkusanya mikono na kuinamisha kifua chake.

Bibi ndiye aliyeelewa haraka kuliko sisi sote. Usiku ule alimwita mjukuu, akamwambia avae jezi yake na ainame kwenye kiti cha cherehani kana kwamba anaendesha. Nguo ilikuwa ya kununua mtumba, pana, inapepea mgongoni na chini ya makwapa. Akiwa na pini midomoni, bibi aliibana mabegani, akaibana ubavuni, akamwambia avute pumzi ndani, akaachia kidogo. Akashona kwa mshono wa kukunjakunja ili kitambaa kiendelee kuvutika. Pale kwenye mikono alitoa kitambaa kiasi cha vidole vinne. Jezi ile leo imemkaa kijana kama ngozi, na wenzake wa Bamburi wameshaleta zao. Bibi anawatoza, tena anastahili.

Fremu tulimuuzia jamaa wa Nyali aliyetuazima bomba la kiti, mtu mrefu anayehitaji 58 hasa. Tukabakiza gia, breki na gurudumu la nyuma. Fundi akavipachika kwenye fremu ya alumini ya saizi 54, yenye bomba la kiti la duara na waya na mabomba ya breki yanayopita nje ya usukani, ambayo fundi yeyote anaweza kuyabadilisha. Mbele ikatiwa ringi ya milimita 35. Tairi ni za milimita 28, laini, zinazoviringika vyema na kutuliza mtetemo wa lami yetu. Jumla ni nzito kwa kilo moja na ushei kuliko ile ya kaboni. Mwanangu anakaa ameinama kutoka Mtwapa hadi Vipingo bila kunyanyuka, na kwenye mkonge haachwi tena.

Tangi limechelewa. Litawekwa baada ya Idi, inshallah, na kidogo katika pesa zake ni za kijana mwenyewe, aliyeanza kumsaidia fundi Majengo siku za likizo.

Nyinyi ndugu zetu mlio Dubai, Muscat na Doha, msiache kuwatumia wapwa zenu baiskeli. Lakini kabla ya kumlipa muuzaji, mwambieni mtoto apimwe urefu wa miguu na mikono na atume vipimo. Ombeni picha ya bomba la kiti. Likiwa si la duara, ulizeni kama kiwanda bado kinalitengeneza, na kabari yake muione kwa macho, muitie kwenye mfuko, muifunge kwenye fremu kwa utepe wa gundi.