Kunguni Hawakuandikishwa Kitabuni

Kwa Meneja wa Hoteli,
Tanga.

YAH: WAGENI WASIOANDIKISHWA KATIKA CHUMBA CHETU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawapongeza kwa ulinzi. Tulifika usiku, tumechoka na basi, watoto wanasinzia juu ya mabegi, lakini binti wa mapokezi hakutoa ufunguo mpaka kila safu ya kile kitabu kikubwa imejaa: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho. Niliulizwa huyu mama ni nani wangu. Mtoto wa tatu akatozwa godoro la ziada. Ukutani tukasoma masharti: marufuku kuingiza chakula kutoka nje, marufuku kufua chumbani, mgeni wa mgeni mwisho saa tatu usiku. Nikamwambia mama watoto, hapa tumefika, hata nzi akitaka kuingia ataombwa kitambulisho.

Chumba chenyewe kilipendeza. Shuka jeupe, pembe zimekunjwa kwa ustadi, na juu yake bata wawili waliotengenezwa kwa taulo, wamegusanisha midomo. Watoto waligoma kulala wasije wakawaharibu.

Saa nane usiku kitinda mimba akaanza kujikuna. Nikawasha taa, nikafunua shuka pembeni. Kwenye pindo la godoro, pale mshono unapopinda konani, walikuwa wamejazana: wadogo weupe ambao ungedhani ni vumbi, na wakubwa waliokwisha kushiba, wekundu, matumbo yamevimba, wanajikokota kurudi nyuma ya ubao wa kichwani. Walitembea kwa mwendo wa wenye nyumba. Nikamfinya mmoja, harufu ile anayeijua hahitaji kuelezwa. Chini ya shuka lile jeupe, godoro lilikuwa na madoa meusi ya zamani na mapya, maana kunguni akishanywa damu huiacha hapohapo ikishasagika. Madoa kama yale hayajengwi kwa usiku mmoja.

Sasa, Meneja, swali langu ni la kiutawala. Hawa wameandikwa ukurasa gani? Kabila lao mliuliza? Na ile saa tatu ya mwisho wa wageni ilituhusu sisi tu? Safu ya uendako naweza kuwasaidia kuijaza: wanaelekea kwenye begi langu.

Nilimtia mmoja kwenye kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi nikashuka naye mapokezi. Sikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Oktoba 2023, Paris nzima ikijikuna na Olimpiki ikikaribia, mbunge Mathilde Panot aliingia na kichupa cha kunguni katika Bunge la Ufaransa, akakiinua mbele ya Waziri Mkuu. Kule serikali iliitisha vikao. Kwenu mhudumu alikitazama kichupa, akanitazama mimi, akasema, "Hao mtakuwa mmekuja nao, mzee. Kwetu hawapo." Kisha akanipa kopo la dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi. Tulipoomba kuhamishwa tukaambiwa vyumba vyote vimejaa, na hilo peke yake nililiamini mara moja.

Kuhusu kopo lile: kunguni wa siku hizi wengi wamezizoea dawa za dukani. Ukiwapulizia wanasogea, wanapita kwenye nyufa na nyuma ya soketi, wanahamia chumba cha jirani. Kinachowamaliza pamoja na mayai yao ni joto la zaidi ya nyuzi 50. Bibi yangu wa Korogwe alilijua hilo bila kipimajoto. Kitanda kilitolewa uani, maji yanayochemka yakamwagwa kwenye kila ungio, matandiko yakachemshwa. Nyie mna boila na mashine za kufulia.

Na niwatendee haki. Kunguni si alama ya uchafu. Hupanda begi la tajiri na la maskini, na haijathibitika kwamba anaambukiza watu ugonjwa. Kuwa naye si kosa. Ninachowalaumu ni kwamba tulipokuwa bado tunateremsha mabegi asubuhi, niligeuka nikaona chumba kilekile kinatandikwa. Mgeni mwingine yuko ngazini na mkewe, na bata wa taulo wamesharudi kitandani. Nilimwambia yule bwana alichohitaji kuambiwa. Mtanisamehe kwa kuwaharibia biashara.

Mchana tulikwenda Mapango ya Amboni. Kule tulilipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, akatueleza popo wanalala wapi na tusiwasumbue. Kwenu wanyama tumewaona bila mwongozaji yeyote.

Nije kwenye bili. Mmeandika kifungua kinywa cha watu watano. Naomba irekebishwe: sisi tulikula mayai na chapati, wenzenu walitula sisi. Mlo huo wa pili haumo popote, na damu ilichukuliwa bila risiti, jambo ambalo TRA hawalipendi. Fedha mkirudisha, tumeni kwa namba ileile niliyolipia. Mkiona ugumu, nitawatoza mimi: chakula cha usiku, wateja wasiojulikana idadi. Idadi wahesabuni wenyewe, mnajua wanapolala.

Wako katika kujikuna,

Baba wa watoto watatu, mmoja akiwa wa godoro la ziada.

Nakala: Bwana Afya, Jiji la Tanga (pamoja na kichupa, asikifungue ofisini).