Namna ya Kushindwa Kununa Mbele za Bwana

Umejitahidi vya kutosha, ndugu yangu. Kila Jumapili umekaza uso ili wazee wa kanisa waseme huyu kakomaa kiroho. Achana na kazi hiyo. Sogea karibu nikufundishe kushindwa kununa, tena ushindwe bila kupoteza heshima yako hapa Tunduma.

1. Umechelewa ibada? Usikimbie. Kukiwa saa tatu asubuhi Tunduma, ng'ambo pale Nakonde ni saa mbili tu, maana saa za Zambia ziko nyuma ya zetu. Pita mpakani kwa utaratibu, ingia kanisa la kule, kaa benchi la mbele na uso wa mtu aliyewahi. Utasalimiwa kwa Kinyamwanga, kinachozungumzwa pande zote mbili, na Yesu anayesifiwa ni yuleyule.

2. Fungua Luka 19. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, na sisi wa mji wa forodha tunamjua mtu wa namna hiyo: suti, funguo za gari mkononi, shikamoo zinaanzia getini. Sasa mpandishe mtini. Mpandishe papa hapa, karibu na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2019, madereva na utingo wao wakimtazama kutoka kwenye foleni ya malori, mama ntilie wameacha mwiko sufuriani. Yesu anapita, anainua macho, anamwita kwa jina, halafu anajialika mwenyewe nyumbani kwake. Hakusubiri kukaribishwa. Zakayo akashuka mbio kwa furaha, na Luka hakuisahau furaha hiyo. Ukisoma hapo ukabaki umenuna, rudia, safari hii kwa sauti.

Na yule ngamia wa Yesu, wa tundu la sindano, asikupite. Ngamia huku hatuna. Weka lori la shaba kutoka Kongo, pamoja na trela lake.

3. Ukifunga, ficha. Nawa uso, paka mafuta, chana nywele, katiza sokoni umenyooka. Hila hii ni ya Yesu mwenyewe, iko Mathayo 6. Hakutaka mfungaji atembee na sura ya kuombea huruma za wapita njia.

4. Ibada ikiisha, usitoroke mnada. Hapa ndipo uso uliokazwa unapolegea. Jogoo aliyeletwa sadaka amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mnadishaji anamwinua, naye anapiga mbawa hadi miwani ya mwinjilisti inadondoka. Sauti ya nyuma inasema elfu kumi. Mama mmoja wa kwaya anasema kumi na tano. Wewe unapenda kuonekana, nami sikulaumu, basi onekana: taja elfu ishirini kwa sauti nzito. Vigelegele vikipigwa, usimbebe jogoo kwenda naye nyumbani. Mrudishe anadiwe upya. Majivuno yako yameshakuwa bati la kanisa, na umetoa ukicheka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtoaji wa hivyo ndiye Mungu anayempenda.

5. Simama karibu na matarumbeta ya Wamoravian. Wako nyanda hizi tangu wamisionari wao walipofika Rungwe 1891. Bega litaanza lenyewe, liache.

6. Siku ya msiba usijilazimishe kitu. Yesu alimlilia Lazaro, na alijua fika kwamba anakwenda kumfufua. Lia, naye yupo. Watani wakija na vituko vyao matangani, wapishe, na kicheko kikikutoka usikimeze. Furaha yake haijawahi kuhitaji tuyakane machozi yetu.

7. Usiku, msimulie Yesu ya siku nzima, hata ya kipuuzi: noti ya kwacha uliyopewa imeraruka katikati, bei uliyotaja mnadani huku mwenzi wako akikukanyaga mguu. Usitafute Kiswahili cha mimbarini. Kicheko kikikushika katikati ya sala, usiombe radhi. Cheka, kisha endelea ulipoishia.